Idhini ya Kukaa Kimwani

Nchi zilizoko magharibi ya Ziwa Victoria zilijua kumsimamisha mgeni mlangoni na kumsaili muda mrefu kabla hazijajua karatasi wala mhuri. Mnamo mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akilitafuta chimbuko la mto Nile, alikwama siku nyingi Usui, nchi ambayo leo imo katika Biharamulo na Ngara, akingoja radhi ya mtawala Suwarora, na radhi hiyo haikupatikana mpaka nguo, shanga na nyaya za shaba zilipopungua katika mizigo yake kwa kiasi cha kumtia hasira. Alipofika Karagwe alipokewa na Rumanika kwa ukarimu ambao yeye mwenyewe hakuacha kuusifu katika kitabu chake, lakini ukarimu huo haukutosha kumfikisha Buganda. Ilibidi kwanza habari zake zipelekwe kwa Kabaka Mutesa na neno la kumkubali lirudi, ndipo Januari 1862 akashika njia, ilhali mwenziwe James Grant, aliyekuwa hawezi mguu, aliachwa nyuma kwa Rumanika miezi kadhaa.

Aghalabu wasomaji wa habari hiyo humwonea huruma msafiri, au huwacheka watawala kwa tamaa yao ya shanga. Mimi, ambaye nimeishi sehemu kubwa ya utu uzima wangu karibu na njia hiyo aliyoipita, huisoma kwa jicho la mtu aliyezoea kungoja. Suwarora, Rumanika na Mutesa walitaka kujua mambo matatu: mgeni ni nani, amekuja kufanya nini, na ataondoka lini. Maswali hayo ndiyo yaliyomo, kwa maneno mengine na kwa nakala nyingi zaidi, katika kila fomu niliyowahi kuijaza. Na la tatu ndilo ambalo mgeni mkaazi hulisahau upesi kuliko yote, kwa kuwa kila mwaka anaoumaliza mahali humzidishia dhana kwamba halimhusu tena.

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, kwa wazazi waliokuwa na ndugu Tanga na Unguja, na ambao katika ujana wao hawakuhesabu safari ya kwenda huko kuwa ni safari ya kwenda ugenini. Nilikuwa bado mtoto ilipovunjika mwaka 1977 ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoasisiwa 1967, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe tena mpaka 1983. Katika muda huo alifariki shangazi yetu wa Tanga. Baba aliipata habari kwa barua, arobaini imekwisha kusomwa, na nakumbuka alivyoikunja ile barua na kuirudisha katika bahasha yake pasipo kusema neno, kisha akaenda zake msikitini. Elimu yangu ya kwanza juu ya mipaka ilikuwa hiyo, wala sidhani kwamba vitabu vya sheria nilivyovisoma baadaye vimeongeza mengi juu yake.

Kimwani nilikuja mwaka 2004, kwa mwito wa shule ya sekondari ya binafsi iliyokuwa na uhaba wa walimu wa hesabu na fizikia. Kiswahili sikuitwa kukifundisha, wala nisingethubutu kuomba, maana sijui ni kwa hoja gani mtu wa Mombasa angeiomba serikali ya Tanzania idhini ya kuwafundisha Watanzania Kiswahili, hata kama moyoni mwake, kama walivyo watu wa Mombasa, anaamini kwamba wanakihitaji. Nilivuka ziwa usiku kwa meli ya Victoria kutoka Mwanza, ikapita Kemondo, nikashukia Bukoba asubuhi ya mvua, na kutoka hapo nikasafiri kwenda kusini. Wilaya ya Muleba imerithi falme za kale za Ihangiro na Kimwani. Nyanda za juu za Ihangiro, huko Nshamba, zimejaa migomba na mibuni iliyofungamana hata nyumba hazionekani barabarani; Kimwani ni nchi ya chini, ya mbuga na joto, inayoelekea Biharamulo na ziwa Burigi, ambako ng'ombe ni wengi na mashamba yameachana. Watu wake ni wa asili nyingi: wenyeji wenyewe, Wahaya walioshuka kutafuta ardhi, Wazinza, Wasubi, Wasukuma waliofuata malisho, na watu ambao baba zao au wao wenyewe walitoka Rwanda na Burundi. Mahali kama hapo mgeni mmoja zaidi hashangazi mtu.

Hati yangu ya kwanza ya ukaazi ilikuwa ya Daraja B. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ilikuwa imezigawa hati hizo katika madaraja matatu, la A likiwa la mwenye mtaji au anayejiajiri, la B la mwenye kuajiriwa, na la C la wengineo, wakiwamo wamisionari, wanafunzi na watafiti. Nilipokabidhiwa nilitafuta kwanza jina langu, kama afanyavyo kila mtu, nikaridhika kwamba limeandikwa sawa. Karani wa shule, mzee aliyekwisha kuwashughulikia walimu wageni wengi kabla yangu, akanisubiri nimalize kuridhika, kisha akaweka kidole mahali pengine. "Mwalimu," akasema, "jina lako unalijua tangu utotoni. Soma jina la mwajiri, soma kazi, soma mahali, soma tarehe."

Karani yule hakuwa mwanasheria, lakini katika maneno yale alikuwa ameniambia karibu yote ambayo mgeni anapaswa kuyajua. Viza humpa mtu ruhusa ya kuja mlangoni. Pasi ya matembezi humpa siku za kuwa ndani. Na hati ya ukaazi humpa muda wa kuishi kwa ajili ya jambo lililotajwa, kwa mtu aliyetajwa, mpaka tarehe iliyotajwa. Jambo hilo likikoma, hati nayo imekufa, hata kama tarehe yake bado iko mbali. Mwalimu anayehama shule moja kwenda nyingine iliyo ng'ambo ya barabara hachukui hati yake mkononi na kuvuka nayo, bali huirudisha, na mwajiri mpya huanza mwanzo. Nimewaona watu wenye elimu kubwa wakilalamika kwamba hilo ni jambo la ajabu, kwa kuwa wao ni wale wale. Nami sioni ajabu yoyote, maadamu serikali haikuwaruhusu wao, iliruhusu kazi yao.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki upotofu huja kwa njia nyingine, yaani kwa njia ya hisani. Raia wa Kenya au Uganda haulizwi viza Namanga, Horohoro wala Mutukula, na tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 huweza kupewa mpaka miezi 6 ya kutembea bila malipo. Basi wengi hudhani kwamba aliyefunguliwa mlango kwa wepesi kiasi hicho amekwisha ruhusiwa na kuketi, na kufanya kazi, na kufungua duka. Itifaki haikusema hivyo. Iliacha kila nchi iandike orodha ya kazi itakazozifungua kwa jirani zake, na orodha za nchi hazikulingana. Fauka ya hayo, aliyemo katika orodha bado anatakiwa aombe kibali. Mlango umefunguliwa kweli, lakini anayeingia kutembea akiamua kushika chaki, amekwisha kuwa mkosaji, na haitamfaa kusema kwamba babu zake waliitembea pwani yote pasipo kuulizwa.

Jirani yangu wa karibu katika miaka ile alikuwa mzee mmoja mfugaji, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa wanawe wangali wanaishi. Alizaliwa Ruanda, akavuka mto Kagera akiwa kijana mnamo miaka ya mwanzo ya hamsini, wakati ambapo mashamba ya kahawa ya Buhaya yaliwavuta vibarua wengi kutoka Ruanda-Urundi, nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na aliyekuwa na mikono yenye nguvu hakuulizwa zaidi. Alilima kahawa ya watu huko Ihangiro mpaka akapata ng'ombe wa kwanza, akashuka Kimwani kwa ajili ya malisho, akaoa mwenyeji, akazaa, akazika. Hati aliyowahi kudaiwa, aliniambia, ni stakabadhi ya kodi, na alizitunza zote katika mkebe mpaka mchwa walipoufikia.

Ukimtazama kwa sheria, mzee yule alikuwa amepita katika kila mlango saa ambayo haikuwa ya watu wa namna yake. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, uraia uliwajia wenyewe waliozaliwa nchini na ambao angalau mzazi wao mmoja alizaliwa humo pia. Aliyezaliwa nje alitakiwa aombe, na huko machungani hakuna aliyemwendea kumwambia hivyo. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000, tendo ambalo hata leo husimuliwa duniani kwa taadhima. Lakini yeye hakuwa mkimbizi, hakukimbia mtu, alikuja kutafuta kazi. Akabaki hivyo, si raia, si mkimbizi, si mgeni mwenye hati, akitoa michango ya shule na ya zahanati, akiitwa kuamua kesi za mipaka ya mashamba ya watu ambao baba zao aliwakuta bado hawajaoa.

Jioni moja nilikuwa barazani kwake, naye akanisogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo huku ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni, akaniuliza: "Mwalimu, ile karatasi yako inakwisha lini?" Nikamtajia mwezi. Akacheka kwa kunihurumia. "Yangu haikwishi," akasema, "kwa kuwa sikupewa."

Mwezi wa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, alipokuwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke kwa hiari yao au wahalalishe ukaazi wao. Muda huo ulikwisha tarehe 11 Agosti, na tarehe 6 Septemba Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka waliobaki, ikaanza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Yeyote aliyewahi kupita misitu ya Biharamulo katika miaka iliyotangulia, basi likisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi wenye bunduki, hakuhitaji kushawishiwa kwamba ulinzi ulikuwa umelegea, na mifugo iliyoingizwa katika mapori ya hifadhi kila mtu aliiona kwa macho. Dola ina haki ya kujua nani yumo katika nchi yake, na mimi niliyekuwa nikilipa ada ili nijulikane sikuwa na sababu ya kuikanusha haki hiyo. Lakini jambazi ni mwepesi wa kuhama usiku, na aliyekutwa nyumbani mchana ni yule mwenye nyumba, na mke, na ng'ombe wanaotaka kunyweshwa.

Mzee hakuingoja Septemba. Alisema kwamba hakutaka watu wa umri wa wajukuu zake waje kumwuliza babu yake alizikwa wapi, swali ambalo jibu lake la kweli lingemhukumu. Aliuza ng'ombe kwa bei ya muuzaji anayehimizwa, akawaswaga wachache aliowaweza, akaenda Rusumo na kuvuka kurudi nchi ambayo hakuwa ameiona kwa takriban miaka 60 na ambayo lugha yake alikuwa akiizungumza kwa namna waliyoizungumza wazee waliokwisha kufa. Baadaye tulisikia kwamba alipokewa kwanza katika kambi ya muda ya Kiyanzi, mashariki ya Rwanda. Mkewe alibaki Kimwani, kwa kuwa alikuwa kwao. Watoto wao, waliozaliwa na mama raia, walikuwa raia kwa kuzaliwa, ila iliwabidi wathibitishe hilo kwa mashahidi, mmoja baada ya mwingine, na hata baadaye, vitambulisho vya taifa vilipoanza kutolewa, waliulizwa tena habari za babu na bibi, kama wanavyoulizwa wengi katika mikoa hii ya mpakani.

Walipopita maofisa kijijini kwetu, mimi niliyekuwa sijatimiza hata miaka kumi katika nchi nilitoa hati yangu, ikasomwa, nikarudishiwa kwa mikono miwili na kuombwa radhi kwa usumbufu. Nilisimama uani nikiwatazama wanakwenda, na nyuma yao nikaona boma la jirani yangu likiwa tupu. Nimefikiri mara nyingi juu ya adhuhuri ile, na kila nilivyofikiri nimeona kwamba wale maofisa hawakukosea juu yangu, wala haikuwapasa kuniona bora kuliko yeye. Walijua juu yangu kitu kimoja tu ambacho hawakukijua juu yake, nacho ni tarehe. Dola haina chombo cha kupimia mapenzi ya mtu kwa mahali, ina kalenda. Mkaazi mgeni anayetegemea kwamba miaka yake itamsemea ajue kwamba miaka haimsemei mtu yeyote pasipo kuandikwa, na iliyoandikwa ni ile tu aliyoombewa ruhusa.

Kwa sababu hiyo nilianza kutunza karatasi kwa bidii ambayo mke wangu huiita maradhi. Nina mkoba wa ngozi wenye kila pasi iliyokwisha muda, kila hati iliyopita, kila stakabadhi ya ada, na barua ambazo hazikujibiwa pamoja na zile zilizojibiwa. Tetemeko la ardhi lilipoitikisa Kagera alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, na kuua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa kule Bukoba, nilitoka nje nikiwa nimemshika mtoto mkono mmoja na mkoba ule mkono wa pili, na mke wangu, aliyekuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na mtoto mwingine, hajaacha mpaka leo kuuliza kama ningekuwa na mkono wa tatu ningemshika nani.

Mwaka mmoja kabla ya tetemeko ilikuja Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi wa Septemba. Kabla yake watu wengi walizoea kuuona ukaazi na kazi kuwa jambo moja. Sheria hii iliyatenga bayana, kibali cha kazi kikitolewa na Kamishna wa Kazi, na hati ya ukaazi ikifuata baadaye kutoka Uhamiaji, kila kimoja kwa fomu zake na ada zake. Kibali cha kazi kilikuwa cha miezi 24, kiliweza kuhuishwa, lakini wakati huo jumla yake kwa mwajiriwa wa kawaida haikuruhusiwa kuzidi miaka 5. Na mwajiri hana budi kuonyesha kwamba alimtafuta raia mwenye ujuzi huo asimpate, na kwamba ana mpango wa kumrithisha kazi raia siku mgeni atakapoondoka. Walimu wenzangu wa kutoka Kenya na Uganda waliilaani sheria hiyo, na wengi wao wakarudi makwao. Mimi naiona ni ya haki katika asili yake. Katika mpango wangu wa urithishaji liliandikwa jina la kijana niliyemfundisha mwenyewe tangu kidato cha kwanza, na ambaye sasa anaifundisha mada ya mwendo kwa namna iliyo bora kuliko yangu. Kama nchi ingeendelea kuagiza walimu wa fizikia kutoka nje milele, ingekuwa mimi na wenzangu hatukufanya kazi tuliyoitiwa.

Taabu ilikuwa katika utekelezaji. Mwajiri niliyekuwa naye wakati huo, ambaye hana haja ya kutajwa, alilichelewesha ombi mpaka hati ya zamani ikakaribia kikomo, akilisukuma jalada kutoka meza hii hadi ile na kuniahidi kila wiki kwamba limekwisha kwenda. Nilipewa pasi maalumu ya muda ili ningoje kihalali, lakini pasi hiyo haikuniruhusu kufundisha. Wako walionishauri, kwa nia njema kabisa, niende Mutukula, nivuke kuingia Uganda, ninywe chai, nirudi na mhuri mpya wa matembezi, kwa kuwa nani angejua? Ushauri huo husikika kila mpaka duniani na wanaoutoa hawaufuatilii mpaka mwisho wake. Mhuri wa matembezi ungenipa siku za kuwa Tanzania, usingenipa idhini ya kusimama mbele ya darasa. Ningekuwa nimebadilisha hali ya kungoja kwa hali ya kudanganya. Nilikaa nyumbani muda wote lilipokuwa likizunguka jalada, bila mshahara, wanafunzi wakinipitia jioni na maswali yao ya nguvu na mizani, nami nikiwajibu chini ya mwembe pasipo malipo, huku nikijiuliza kama mbele ya Kamishna wa Kazi kujibu swali la fizikia chini ya mwembe ni ajira.

Nilikwisha kuoa zamani wakati huo. Mke wangu ni mzaliwa wa Nshamba, na watu wengi, wakiwamo watu wa sheria, walinihakikishia kwamba kwa ndoa ile mambo yangu yamekwisha. Hayakwisha. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humfungulia njia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania aombe uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania haimpi njia hiyo, naye hupanga foleni pamoja na wageni wote. Sijui ni hekima gani iliyokusudiwa, ila dhana iliyomo ndani yake ni ya zamani, kwamba mke humfuata mume na haiwezekani mume akamfuata mke, ilhali mimi nimemfuata wangu mpaka kwa baba yake. Watoto wetu ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, na kwa upande wangu wana haki ya Kenya pia. Lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, hivyo watakapotimiza miaka 18 watatakiwa kuchagua. Katika nyumba moja, basi, tunaishi chini ya paa moja mama mwenye haki isiyo na tarehe, watoto wenye haki mbili zitakazopungua kuwa moja, na baba mwenye haki ya miezi 24.

Ardhi nayo ina sheria yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kibanja tunachokilima Kimwani ni cha mke wangu kwa karatasi na kwa macho ya kijiji. Nilipomweleza baba mkwe jambo hilo, nikidhani kwamba namfunulia siri ya aibu, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hata hiki cha Nshamba unachonikuta nacho si changu. Ni cha ukoo. Nimeruhusiwa nikilime mpaka nife, na siwezi kumwuzia mtu baki mgomba mmoja pasipo kuitisha kikao." Tangu siku ile sijapata kuona haya mbele yake kwa ajili ya hati yangu.

Mwaka 2018 niliomba uraia wa tajnisi. Masharti yake mtu aweza kuyahesabu kwa vidole: awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo jumla ya ukaazi wake isipungue miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe na nia ya kuendelea kukaa. Mkoba wangu wa ngozi ulifanya siku hiyo kazi yote niliyoununulia, kwa kuwa miaka iliyodaiwa ilidaiwa kwa ushahidi. Kisha mwombaji hutangaza nia yake katika matoleo mawili mfululizo ya gazeti, ili mwenye sababu ya kumpinga aiandikie serikali. Gazeti lilipofika Muleba, mwenye duka la vifaa alinijia nalo mkononi, uso umemkunjamana. "Mwalimu, wewe umewafundisha wanangu wawili," akasema, "leo ndiyo naambiwa na gazeti kwamba wewe si mwenzetu?" Nikamweleza kwamba gazeti limesema ninaomba kuwa. Akajibu kwamba mtu haombi alichokuwa nacho, akaondoka, na tukachukua muda kurudi katika mazoea yetu.

Kamati iliyonihoji juu ya ombi langu iliniuliza mwaka wa Muungano, nikautaja. Ikaniuliza mipaka ya kata, nikaitaja vizuri zaidi kuliko mjumbe mmoja, jambo ambalo si la busara kwa mwombaji. Mwisho mzee mmoja akaniuliza kwa nini nimechelewa, ilhali sheria ingaliniruhusu kuomba miaka mingi nyuma. Nilimjibu ukweli, kwamba mama yangu angali hai Mombasa. Siku nitakayoapa hapa itanibidi niukane uraia wa kule, na tangu siku hiyo nitakapokwenda kumtazama mama nitaingia Kenya kwa pasi ya matembezi, na afisa kijana wa Lungalunga atakuwa na haki ya kuniuliza nitaondoka lini. Mzee akatikisa kichwa na kuandika kitu ambacho sikukiona.

Mwaka 2019 jalada la ombi langu lilikuwa limetoka Muleba kwenda Bukoba, na kutoka huko lilikuwa liende makao makuu mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye kwa sheria halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala ya kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufani mahakamani. Hakuna aliyenitajia muda, nami sikuuliza. Ombi hilo, hata hivyo, halirefushi hati ya ukaazi hata kwa siku moja; yangu ilikuwa ikwishe mwaka 2020, kikomo cha miaka 5 ya kibali cha kazi nacho hakikuwa mbali, na Jumatatu iliyofuata nilikwenda mjini kuchukua fomu za kuihuisha.